Wimbo wa "Zombie" na Hofu Katika Ireland

Ireland ni nchi ya nyimbo, na nyingi katika nyimbo zake ni za vita. Katika karne za kutawaliwa na Uingereza watu wake waliimba majina ya mashujaa waliouawa, mahali walipoangukia na ahadi ya kuwalipia kisasi, hata ikawa mtoto asiyejua kusoma amekwisha kujifunza historia ya kwao kwa kuisikia jikoni na katika vilabu vya pombe. Kazi kubwa ya nyimbo hizo ilikuwa moja: kumkumbusha aliye hai deni lake kwa aliyekufa. Ndiyo sababu wimbo wa roki uliotungwa mwaka wa 1993 na Dolores O'Riordan, mwimbaji wa bendi ya The Cranberries ya mji wa Limerick, ulisikika kama kitu kigeni nchini mwake. Wimbo huo, unaoitwa "Zombie", uliwalilia wafu kama nyimbo zilizoutangulia, lakini deni ulilikataa.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo hapana budi kurudi nyuma mpaka mwaka wa 1916, mwaka ambao wimbo wenyewe unautaja. Siku ya Jumatatu ya Pasaka, tarehe 24 Aprili, kundi dogo la wazalendo lilishika majengo makubwa ya Dublin, likatangaza jamhuri mbele ya Posta Kuu, na kwa muda wa siku sita likapigana na majeshi ya Uingereza. Watu karibu 500 walikufa. Zaidi ya nusu yao walikuwa raia wasiochukua silaha, na miongoni mwa raia hao walikuwamo watoto wapatao 40. Mwanzoni watu wengi wa Dublin waliwakasirikia waasi kwa kuuletea mji maangamizi. Lakini Waingereza waliwapiga risasi 15 katika waasi hao, na mwezi wa Agosti wakamnyonga Roger Casement mjini London, yule yule ambaye taarifa yake ya mwaka wa 1904 ilifunua ukatili wa utawala wa Mfalme Leopold katika Kongo. Adhabu hizo ziligeuza mioyo ya watu. Waasi wakawa mashahidi, na mashahidi wakaingia katika nyimbo. Watoto wale walisahauliwa, na habari zao hazikukusanywa kitabuni mpaka mwaka wa 2015.

Wilaya 26 zilipata serikali yao mwaka wa 1922. Wilaya 6 za kaskazini, ambako Waprotestanti walikuwa wengi na walipenda kukaa chini ya Taji, zikabaki mikononi mwa Uingereza. Wakatoliki wa huko walikuwa wachache, nao walibaguliwa katika kazi, katika nyumba na katika kura za mabaraza ya miji. Walipoandamana kudai haki zao mwaka wa 1968 walijibiwa kwa marungu. Mwaka wa 1969 askari wa Uingereza wakaingia mitaani. Na mwishoni mwa mwaka huo likazaliwa kundi jipya la Jeshi la Jamhuri ya Ireland, IRA. Vita vilivyofuata, ambavyo wenyewe huviita kwa neno la upole, "Matata", viliua watu wapatao 3,500 mpaka mwaka wa 1998. IRA na wenzao waliua zaidi ya nusu ya hao. Makundi ya silaha ya Kiprotestanti yaliua chini kidogo ya thuluthi. Wengi wa waliosalia waliuawa na askari na polisi wa serikali.

Hesabu ya wafu haielezi hofu. Mtu wa Belfast alijifunza tangu utotoni kupima maneno yake. Jina lake, shule aliyosoma na mtaa aliokaa vilitosha kuitambulisha dini yake, na dini yake ilitosha kumtia mautini. Kuta zilijengwa katikati ya mitaa iliyokuwa ikitazamana. Aliyesafiri usiku, akaona taa ikipungwa barabarani, hakujua kama mbele yake wako askari wa kweli au wauaji waliovaa nguo za askari. Wala hofu haikutoka ng'ambo peke yake. Mkatoliki aliziogopa bunduki za Waprotestanti na za serikali, lakini aliwaogopa pia watu wa upande wake, kwa kuwa aliyetuhumiwa kupeleka habari kwa polisi aliuawa na maiti yake ikatupwa kando ya njia ya mpakani, au akazikwa kwa siri, jamaa zake wasijue alipo. Katika mitaa ya Waprotestanti nako wenye silaha walitawala kwa kitisho. Watu wakazoea kunyamaza, na kimya chao kikahesabiwa na wenye bunduki kuwa ni ridhaa.

Wanamuziki hawakusalimika na hali hiyo. Tarehe 31 Julai, 1975, bendi ya dansi iitwayo Miami Showband, iliyochanganya Wakatoliki na Waprotestanti, ilikuwa ikirudi Dublin baada ya kupiga muziki katika mji wa Banbridge. Ilisimamishwa njiani na watu waliovaa nguo za jeshi. Walikuwa ni kundi la Kiprotestanti la UVF, na baadhi yao walikuwa kweli askari wa kikosi cha wenyeji. Bomu walilokuwa wakilificha ndani ya gari la wanamuziki lililipuka kabla ya wakati likawaua wawili wao wenyewe. Waliosalia wakawamiminia risasi wanamuziki, watatu wakafa. Baada ya usiku ule bendi nyingi za Kusini ziliogopa kuvuka mpaka, na vijana wa Kaskazini wakakosa hata mahali pale pachache palipokuwa pakiwakutanisha bila ya kuulizana dini.

Vijana hao walijijazia pengo wenyewe. Mwaka wa 1978 kundi la Stiff Little Fingers la Belfast lilitoa nyimbo za ghadhabu, za kelele na za haraka, zilizowalaumu wote waliowatawala vijana kwa mabomu na vizuizi. Mwaka huo huo The Undertones wa Derry walijulikana kwa wimbo wa mapenzi ya ujana, wasiseme neno juu ya vita vilivyokuwa mlangoni pao. Na huenda kukataa kuviimba kulikuwa jibu lao. Kisha mwaka wa 1983 bendi ya U2 ya Dublin ilitoa "Sunday Bloody Sunday", wimbo unaokumbusha mauaji ya Derry ya tarehe 30 Januari, 1972, ambapo askari wa Uingereza waliwapiga risasi waandamanaji, 13 wakafa siku ile na mmoja baadaye. Mwimbaji wake, Bono, alilazimika kuwaeleza wasikilizaji kila mara kwamba huo si wimbo wa waasi. Maelezo hayo yalihitajiwa kwa sababu sikio la Mwairishi lilikuwa limezoea: wimbo ukitaja waliouawa, basi unaita kisasi.

Habari za "Zombie" zaanzia Warrington, mji wa Uingereza ulio kati ya Liverpool na Manchester. Jumamosi ya tarehe 20 Machi, 1993, siku moja kabla ya sikukuu ya akina mama, IRA walilipua mabomu mawili yaliyotiwa ndani ya mapipa ya taka katika mtaa wa maduka. Lilipolipuka la kwanza watu walikimbia, na wengine walikimbilia lilipokuwa la pili. Johnathan Ball, mtoto wa miaka 3, alikufa pale pale. Tim Parry, mwenye miaka 12, alikaa hospitalini siku tano, akafa tarehe 25. Watu zaidi ya 50 walijeruhiwa. IRA walisema kwamba walitoa onyo kwa simu; polisi walijibu kwamba onyo hilo halikutaja Warrington.

Huzuni iliyofuata ilikuwa na sura mpya. Mjini Dublin watu kwa maelfu walikusanyika kuwalaani waliofanya tendo lile, na wengi wao walikuwa Wakatoliki na wazalendo ambao kwa miaka mingi walikuwa wakinung'unika chinichini tu. Sababu yake si ngumu. IRA hawakusema kwamba wanaua kwa ajili yao wenyewe. Walisema wanaua kwa niaba ya taifa zima la Ireland, kwa wakala waliopewa na wafu wa mwaka wa 1916. Kila Mwairishi, apende asipende, alikuwa ametiwa saini yake chini ya mabomu ya Warrington.

O'Riordan alikuwa mmoja wa hao. Alizaliwa tarehe 6 Septemba, 1971, Ballybricken, shambani katika wilaya ya Limerick, mdogo wa wote katika jamaa kubwa ya Kikatoliki, na alianza kuimba na kupiga kinanda kanisani. Alijiunga na The Cranberries mwaka wa 1990. Mabomu ya Warrington yalilipuka wakati bendi yake ilipokuwa ikisafiri Uingereza kupiga muziki. Wimbo aliuanza peke yake kwa gitaa lisilo la umeme, kisha akawataka wenzake, Noel Hogan, Mike Hogan na Fergal Lawler, waupige kwa uzito na ukali ambao hawakuwa wameutumia kabla. Mpaka hapo walijulikana kwa nyimbo laini. Katika "Zombie" gitaa linanguruma, ngoma zinakanyaga kama miguu ya askari, na juu yake sauti ya mwanamke inaanza kwa upole kama ya kumbembeleza mtoto, halafu inavunjika ikawa kama kilio. Masikio mengi yamesikia ndani ya kilio hicho desturi ya kale ya wanawake wa Ireland walioombolezea maiti kabla ya kuzikwa.

Neno lililoupa wimbo jina lake linastahili kutazamwa, kwa kuwa asili yake ni ya Afrika. Wanachuoni hulifuatilia mpaka katika lugha za Kibantu za Kongo na Angola, ambamo yapo maneno ya jamii yake yenye maana ya mzimu au roho ya mfu. Lilivuka bahari pamoja na watumwa, na katika Haiti likapata maana ya maiti aliyeinuliwa kwa uchawi ili afanye kazi bila ya hiari. Msomaji wa Tanzania hahitaji maelezo marefu. Huyo ni msukule: mtu ambaye jamaa zake wamekwisha kumzika, kumbe yumo mikononi mwa mchawi, akilima usiku shamba la mwingine, na ulimi wake umekatwa asipate kusema. Fela Kuti wa Nigeria alilitumia neno hilo katika wimbo wake wa mwaka wa 1976 kuwacheka askari waendao wanakoamriwa bila ya kufikiri, na tarehe 18 Februari, 1977, askari wa nchi yake walilivamia boma lake na kulichoma moto. Msukule wa Fela anaamriwa na mkubwa aliye hai. Wa O'Riordan anaamriwa na wafu. Kwake, vita vya 1916 vinaendelea ndani ya fikira za watu ambao hawakuwapo, nao huua kwa mkono wao wenyewe lakini kwa nia ya mtu aliyekwisha kuwa udongo. Hakuna tusi kubwa kuliko hili kwa mpiganaji anayejiona mrithi wa mashujaa.

Wimbo ulitolewa mwezi wa Septemba, 1994, na mwezi uliofuata ukatokea katika albamu ya "No Need to Argue". Video yake iliongozwa na Samuel Bayer, naye alipiga picha katika mitaa ya Belfast: watoto wakicheza karibu na kuta zilizochorwa, askari wakipita na bunduki, na mwimbaji mwenyewe amepakwa rangi ya dhahabu mbele ya msalaba, amezungukwa na watoto waliopakwa rangi ya fedha. BBC ya Uingereza na RTÉ ya Ireland zilikataa kuionyesha video hiyo kama ilivyo, zikapendelea picha za bendi ikipiga muziki tu. Katazo hilo halikuwa la ajabu kwa siku zile. Tangu mwaka wa 1988 sauti za wasemaji wa chama cha Sinn Féin zilikuwa zimepigwa marufuku katika redio na televisheni za Uingereza, hata watazamaji wakazoea kuona midomo ya mwanasiasa ikicheza na sauti ya mwigizaji ikitoka. Marufuku hiyo iliondolewa mwezi ule ule wimbo ulipotolewa. Hata hivyo "Zombie" ulishika nafasi ya kwanza Australia, Ujerumani, Ufaransa na Ubelgiji, na mwaka wa 1995 ukapata tuzo ya MTV ya Ulaya ya wimbo bora.

Wapo wapendao kusema kwamba wimbo huu uliwalazimisha IRA kuweka silaha chini. Tarehe zinakanusha. IRA walitangaza kusitisha mapigano tarehe 31 Agosti, 1994, kabla wimbo haujawa madukani, na walifika hapo kwa njia ndefu ya mazungumzo ya siri, ya juhudi za John Hume wa Derry, na ya Tamko la Downing Street la tarehe 15 Desemba, 1993. Isitoshe, baada ya Warrington mauaji yalizidi. Mwezi wa Oktoba, 1993, bomu la IRA katika mtaa wa Shankill, Belfast, liliua watu 10, akiwamo mmoja wa walioliweka. Wiki moja baadaye Waprotestanti wenye silaha wakaua 8 katika kilabu cha kijiji cha Greysteel. Wimbo haukuizima bunduki hata moja. Uliweza jambo jingine, nalo ni kuwapa watu waliokuwa wakinyamaza namna ya kukana kwa sauti kuu.

Lawama zilizoufuata wimbo zinatoka hasa kwa Wakatoliki wa Kaskazini, na haifai kuzipuuza. Siku ile ile ya tarehe 25 Machi, 1993, mtoto wa pili wa Warrington alipokata roho, wauaji wa kundi la Kiprotestanti la UDA waliwapiga risasi mafundi waliokuwa wakifika kazini katika kijiji cha Castlerock, Ireland ya Kaskazini. Wanne walikufa, mmoja alikuwa mtu wa IRA, watatu hawakuwa. Kabla ya siku kwisha watu wa kundi hilo walimwua kijana Mkatoliki wa miaka 17 huko Belfast. Hawa hawakupata wimbo uliovuka bahari. Wazazi wao na jirani zao waliposikia "Zombie" ukichezwa kila mahali waliuliza kwa uchungu kama mtoto wa Ireland hulilia wafu wa Uingereza kwanza. Waliuliza pia ni nini mwimbaji wa Limerick alichokijua juu ya askari wanaovunja mlango alfajiri, na kwa nini alimlaumu mwenye bomu asimlaumu aliyepiga risasi Derry.

Lawama hiyo ni ya kweli juu ya kile ambacho wimbo haukusema. Lakini yataka wimbo uwe hukumu ya vita vyote, nao haukutungwa hivyo. O'Riordan hakuwa na haja ya kuwakana UDA, maana UDA hawakudai hata siku moja kwamba wanamwulia yeye. Askari wa Uingereza hawakudai hivyo pia. Waliodai ni IRA peke yao, na kwa hiyo ni kwao tu angeweza kulirudisha jina lake. Alisema wazi kwamba IRA si yeye, si bendi yake wala si jamaa zake. Mtu hujitenga na kosa lililotendwa kwa jina lake. Kosa la jirani hulilaumu tu, na kulaumu jirani ni kazi ambayo Ireland haikuwahi kukosa watu wa kuifanya.

Iko lawama nyingine iliyo nzito zaidi, nayo husemwa mara chache: kukana kulikuwa rahisi Limerick kuliko Belfast. Hili ni kweli. Mwezi wa Agosti, 1976, mpiganaji wa IRA aliyekuwa akikimbizwa na askari wa Uingereza alipigwa risasi na askari hao akiendesha gari, gari likapanda juu ya mama na watoto wake, na watoto watatu wa tumbo moja wakafa. Wanawake wa Belfast, Betty Williams na Mairead Corrigan, mmoja wao akiwa ndugu wa mama wa watoto hao, waliongoza maelfu ya Wakatoliki na Waprotestanti mitaani, wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka ule. Lakini katika mitaa yao wenyewe walitukanwa na kurushiwa mawe. Wao waliishi miongoni mwa watu waliowakana. O'Riordan alipanda jukwaani, akaimba, akaenda zake. Ushujaa wake ulikuwa mdogo kuliko wao, na hapana haja ya kuukuza. Ingawa wimbo wake ulifika mbali kuliko miguu yao.

Amani yenyewe ilikuja kwa kusitasita. IRA walirudia mabomu mwezi wa Februari, 1996, London. Mkataba ulifikiwa Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili, 1998. Na mwezi wa Agosti wa mwaka huo waliokataa mkataba wakaua watu 29 mjini Omagh. Warrington palijengwa kituo cha amani kwa kumbukumbu ya watoto wale wawili. O'Riordan alikufa London tarehe 15 Januari, 2018, akiwa na miaka 46, na ibada ya maziko yake ilifanywa Ballybricken, katika kanisa alimoimba akiwa msichana.

Mwezi wa Septemba, 2023, timu ya raga ya Ireland iliishinda Afrika ya Kusini 13 kwa 8 katika uwanja wa Stade de France, na mashabiki wakaimba "Zombie" kwa pamoja. Timu hiyo ni ya kisiwa kizima: huchezwa na watu wa Kusini na wa Kaskazini, Wakatoliki na Waprotestanti, na kwa ajili hiyo tangu mwaka wa 1995 imetungiwa wimbo wake usioudhi upande wowote. Kesho yake mabishano yakaanza upya. Baadhi ya watu wa Kaskazini walisema kwamba wimbo ule unawafanya wao kuwa watu wasio na akili na kuyasahau mateso yao. Wengine walijibu kwamba ni wimbo wa watoto wawili waliouawa. Vijana wengi waliokuwa uwanjani walizaliwa baada ya mkataba, na wimbo waliujua kwa kuusikia nyumbani.